Maswali 24 na Mtoto Mmoja Kwenye Dishi: Kisa cha Ziara ya Darasa la Nne Katika Makumbusho ya Sayansi

Kuhusu kisa hiki

Mimi ndiye niliyekuwa mratibu wa ziara inayosimuliwa hapa, kwa hiyo makosa mengi utakayoyasoma ni yangu. Nimeondoa jina la shule, la makumbusho na la kila aliyehusika, na nimebadilisha mambo machache madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtoto. Saa, ukubwa wa vikundi na mfuatano wa maamuzi nimeviacha kama vilivyokuwa, maana bila hivyo kisa hakina la kumfundisha mtu. Namwandikia mwalimu aliyekabidhiwa faili la ziara na kuambiwa apange.

Usuli

Darasa la nne lilikuwa na mikondo miwili na watoto 84, wengi wa miaka tisa na kumi. Muhula huo walikuwa kwenye mada ya sauti na mwanga, na walishafundishwa kwamba sauti hutokana na mtetemo. Wengi wao hawakuwahi kuingia kwenye makumbusho ya aina yoyote. Safari ilikuwa ya saa moja na nusu kwa basi, na ndani tulipewa nafasi kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana.

Mwaka uliotangulia shule ilipeleka darasa jingine kwenye ziara nyingine, na wazazi kadhaa walilalamika kwamba watoto walirudi mikono mitupu. Waliita ziara ile "matembezi", na neno hilo lilimkaa mwalimu mkuu moyoni. Aliporidhia ziara yetu aliweka sharti moja: kila mtoto arudi na ushahidi wa maandishi kwamba amejifunza. Sikuliona sharti hilo kuwa baya, na hata leo silioni hivyo. Ubaya ulikuwa kwenye namna nilivyolitimiza.

Makumbusho yenyewe yalikuwa ya kugusa na kujaribu, yenye kumbi tano: Sauti, Mwanga, Nguvu na Mwendo, Umeme, na Mwili wa Binadamu, pamoja na chumba cha kuonyeshea anga. Makumbusho ya aina hii yana nasaba ndefu. Mwanafizikia Frank Oppenheimer, ambaye aliwahi kufundisha sekondari, alifungua Exploratorium mjini San Francisco mwaka 1969 kwa wazo kwamba mgeni mwenyewe ndiye afanye jaribio, na kibao cha maelezo kimsaidie tu. Nilikuwa nalijua wazo hilo kabla ya ziara, hata niliwahi kulisema mbele ya walimu wenzangu. Kulijua hakukunizuia kupanga siku nzima kinyume chake.

Maandalizi: tuliamua nini, na kwa nini

*Ukaguzi wa awali.* Wiki mbili kabla nilikwenda peke yangu kukagua. Nilihesabu vyoo, nikatafuta milango ya dharura, nikakubaliana na wenyeji mahali pa kukusanyikia na pa kulia chakula cha mchana, nikapima muda wa kutembea kutoka ukumbi hadi ukumbi. Kisha nikapita kwenye vituo na daftari, nikisoma vibao na kutunga maswali. Sikuketi kwenye kituo hata kimoja. Sikuzungusha gurudumu wala kunong'ona popote. Ningefanya hivyo, ningegundua mapema kuwa baadhi ya vituo havimwambii mtu lolote kwenye dakika mbili za kwanza.

*Karatasi ya maswali.* Ilikuwa na maswali 24, manne au matano kwa kila ukumbi, mengine machache ya chumba cha anga. Nia yangu ilikuwa njema: sharti la mwalimu mkuu litimie, watoto wasizagae, na wazazi waone kitu. Karibu maswali yote yalijibika kwa kunakili kibao. Swali la 17, la penduli (uzito unaoning'inia kwa waya mrefu na kuyumba), lilikuwa hivi: "Nani alionyesha penduli hii kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na mwaka gani?" Jibu ni mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault, 1851. Tuliwaambia watoto kwamba karatasi itasahihishwa.

*Ratiba.* Nusu saa kwa kila ukumbi: kumbi tatu asubuhi, kisha onyesho la umeme saa 5:30, chakula saa 6:00, kumbi mbili mchana, na chumba cha anga mwisho. Niliona haya kumnyima mtoto ukumbi wowote baada ya safari ndefu vile. Mwalimu mwenzangu wa mkondo wa pili aliuliza kama kumbi tatu zisingetosha. Nilimjibu kwamba huenda wasirudi tena hapa maishani. Jibu hilo lilinyamazisha mjadala, ingawa halikujibu swali lake.

*Vikundi.* Watu wazima walikuwa 12, walimu wanne na wazazi wanane, na kila mmoja alipewa watoto saba. Mgawanyo uliingia sawasawa na nikauona mzuri. Sikuona kwamba katika hesabu hiyo hakuna mtu mzima hata mmoja aliyebaki bila watoto, mimi mwenyewe nikiwemo.

*Afya.* Hapa tulifanya vizuri. Fomu ya ruhusa haikuuliza tu "je, mtoto ana ugonjwa?" Ilitaja yaliyomo kwenye makumbusho: taa za kumwekamweka, mashine ya umemetuli, sumaku zenye nguvu, giza, kelele za ghafla. Mzazi anayeulizwa kwa ujumla hujibu "hapana" kwa sababu mwanawe si mgonjwa. Anayeambiwa kuna mashine ya umemetuli hukumbuka kifaa kilichopandikizwa sikioni mwa mwanawe. Ndivyo ilivyokuwa. Mama mmoja aliandika kwamba mtoto wake ana kifaa cha aina hiyo, chenye sehemu ya nje inayovaliwa nyuma ya sikio, na mshtuko wa umemetuli unaweza kuiharibu au kuvuruga mpangilio wake. Aliwauliza wataalamu wanaomhudumia, wakashauri mtoto asiikaribie mashine. Tukamuuliza mtoto mwenyewe: anataka kukaa safu ya nyuma kabisa kwenye onyesho la umeme, au kwenda na rafiki zake wawili kwenye ukumbi mwingine wakati huo? Alichagua safu ya nyuma. Taa za kumwekamweka tuliziuliza kwa ajili ya watoto wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, ambao kwao mweko wa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio wa hatari zaidi. Hakuwepo mtoto wa namna hiyo mwaka ule.

*Wazazi wa kujitolea.* Walipewa ukurasa mmoja wenye majina ya watoto saba, ratiba, ramani na namba yangu ya simu. Kuhusu wafanye nini mbele ya kituo, hatukuwaandikia hata sentensi moja.

Asubuhi

Basi la pili lilichelewa. Tukaingia ndani saa 3:55, na maelekezo yakaisha saa 4:20, nusu saa nyuma ya ratiba. Nililazimika kuamua papo hapo pa kupunguza. Onyesho la umeme lilikuwa na nafasi iliyowekwa na halikuweza kusogezwa, kwa hiyo nilikata muda wa kumbi tatu za asubuhi kutoka dakika 30 hadi 20 kila moja. Idadi ya maswali ikabaki ile ile.

Kilichofuata kilikuwa mbio. Mtoto aliingia ukumbini, akatafuta kibao chenye jibu, akanakili akiwa ameegemeza karatasi kwenye mgongo wa mwenzake, akaondoka. Baada ya muda wakagundua njia ya mkato: mmoja anasoma kibao kwa sauti na sita wanaandika. Kwenye penduli, kikundi changu kilikaa chini ya dakika moja. Penduli ile ilikuwa imezungushiwa vigingi vidogo vilivyosimamishwa kwa duara. Inapoyumba, mstari wa kuyumba kwake hugeuka polepole kadiri dunia inavyozunguka, na mara moja moja kigingi huguswa na kuanguka. Watoto wangu waliandika "Foucault, 1851" na hakuna aliyeona kigingi kikianguka. Nami sikuwaambia wasubiri, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye saa.

Saa 4:40, kwenye ushoroba kati ya ukumbi wa kwanza na wa pili, msichana mmoja wa kikundi cha 5 aliomba kwenda kikundi cha 6 alikokuwa rafiki yake. Nitamwita N. Mzazi aliyeongoza kikundi cha 5 alikubali na kumwambia mwenzake wa kikundi cha 6 kwa mdomo, katikati ya kelele. Huyu wa pili alielewa kwamba N. anatembea nao kidogo tu, kisha atarudi kwake. Hakuna aliyeandika. Mimi sikuambiwa.

Saa 5:20 vikundi vilikusanyika kwa ajili ya onyesho. Kiongozi wa kikundi cha 5 alihesabu watoto sita, akajisemea kwamba ni sawa, mmoja yuko kikundi cha 6. Kiongozi wa kikundi cha 6 alihesabu saba, akajisemea kwamba ni sawa, wote wapo. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi, lakini N. hakuwemo kwenye yoyote.

Saa 5:31 mhudumu wa makumbusho alinifuata kwenye foleni. "Mwalimu, kuna mtoto wenu Ukumbi wa Sauti. Yuko peke yake." Niliwaachia watoto wangu saba mzazi aliyekuwa nyuma yangu, ambaye sasa alikuwa na 14, nikaenda mbio.

N. alikuwa kwenye madishi. Yalikuwa mawili, kila moja pana kuliko mtoto mwenye mikono iliyonyooshwa, yakitazamana kutoka ncha moja ya ukumbi hadi nyingine. Dishi lina umbo la parabola, kama bakuli pana: sauti inayotoka kwenye fokasi yake, yaani nukta moja mbele ya dishi, hugonga dishi na kuondoka ikiwa mistari sambamba, na dishi la upande wa pili huipokea na kuikusanya tena kwenye fokasi yake. Mnong'ono husikika ng'ambo kana kwamba mtu yuko sikioni. N. alikuwa akisikiliza wageni wasiojua kama wanasikika. Hakujua kwamba amepotea. Nilipomshika mkono aliniambia, "Mwalimu, ukisogeza kichwa nyuma kidogo, wanapotea. Ukirudi pale pale, wanarudi. Lakini ni pale pale tu." Akanionyesha kwa kidole mahali hewani, mbele ya dishi.

Alikuwa ameipata fokasi bila mtu kumtajia neno hilo. Kati ya watoto 84, aliyekaa kwenye kituo kimoja muda wa kutosha kugundua kitu, kwa kadiri nilivyoona asubuhi ile, ni yule tuliyekuwa tumempoteza.

Onyesho lilikwenda vizuri na mtoto mwenye kifaa aliliona lote kutoka nyuma. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimesimama mlangoni na orodha, nikimwita kila mtoto kwa jina.

Uamuzi wa saa sita

Wakati wa chakula niliwaita walimu wenzangu watatu pembeni. Nilikuwa na mambo mawili ya kuwaeleza: tumempoteza mtoto kwa dakika 11 bila kujua, na karatasi yangu inawazuia watoto kufanya kilichotuleta. Nikapendekeza mambo matatu. Kila mtoto arudi kwenye kikundi chake cha asili, na kuhama kuzuiwe kabisa hadi jioni. Karatasi ikusanywe, isitumike tena. Na zile kumbi mbili za mchana tusiziendee: badala yake vikundi virudi kwenye ukumbi mmoja wa asubuhi, kila watoto wawili wachague kituo kimoja na kukaa hapo dakika 20, kisha kingine kimoja kama muda upo. Wapewe swali moja tu: "Ukibadilisha kitu kimoja, nini kinabadilika?"

Wawili walikubali mara moja. Wa tatu alipinga, na sababu zake zilikuwa za maana. Tuliwaambia watoto kwamba karatasi itasahihishwa; wapo waliohangaika asubuhi yote kuijaza, na sasa tunaitupa mbele ya macho yao. Akauliza pia wazazi watajuaje la kufanya, ikiwa hata la asubuhi hatukuwaeleza. Sikuwa na jibu la swali la pili. La kwanza nililijibu kwa kusema kwamba nitazungumza na watoto mwenyewe na kuwaeleza kwamba kosa ni langu. Akakubali kwa shingo upande.

Tungeweza kuiacha ratiba iendelee na kuyarekebisha haya mwaka mwingine. Ndilo jambo ambalo mratibu aliyechoka hulitamani, na nililitamani. Kilichonisukuma upande wa pili ni kidole cha N. kikionyesha mahali pale hewani.

Mchana

Dakika kumi za kwanza zilikuwa za vurugu. Watoto waliozoeshwa asubuhi nzima kutafuta jibu walitafuta vibao tena. Kisha, kwenye vituo kadhaa, mambo yakatulia. Watoto wawili kwenye mteremko wa mipira waligundua kwamba mpira mzito na mwepesi hufika chini karibu pamoja, wakabishana, wakarudia mara nane au tisa. Kikundi kimoja kilikaa kwenye utando wa sabuni kikichungulia rangi zinavyoshuka na kubadilika kabla ya utando kupasuka. Wavulana wawili waliketi sakafuni kando ya penduli na kukataa kuondoka hadi kigingi kianguke. Kilipoanguka walipiga kelele hata walinzi wakageuka.

Mahali pengine haikuwa hivyo. Njia ya kushindanisha magari madogo iligeuka kuwa mashindano na kusukumana, nikamwondoa mtoto mmoja. Wazazi wawili waliendelea kusoma vibao na kuwapa watoto majibu, kwa moyo mwema kabisa. Na msichana mmoja aliyekuwa amejaza maswali yote ya asubuhi kwa mwandiko safi alilia. Alikuwa amefanya tulichomwagiza, na sisi tukabadilisha sheria katikati ya mchezo.

Kabla mabasi hayajaondoka nilimpigia simu mama yake N. nikamweleza yote: dakika 11, kuhama kwa mdomo, hesabu mbili zilizokuwa sahihi. Nilitaka alisikie kwangu kabla hajalisikia kwa mtoto. Alikasirika, na alikuwa na haki. Kisha akauliza ni nini kimebadilika tangu hapo, na niliweza kumjibu.

Matokeo

Siku iliyofuata kila mtoto aliandika na kuchora jambo moja ambalo angemweleza mdogo wake kuhusu ziara. Wengi mno walichagua kitu cha mchana au onyesho la umeme. Majibu ya karatasi yangu hayakuonekana popote, isipokuwa kwa wavulana wawili wa penduli. Hao walimkumbuka Foucault, kwa sababu sasa walikuwa na jambo la kulihusisha na jina lake.

Michoro hiyo ndiyo iliyokwenda kwa mwalimu mkuu kuwa ushahidi wa maandishi. Aliipokea, ingawa aliuliza kwa nini karatasi alizozipitisha mwenyewe zimerudi nusu. Nilimweleza. Kuhusu N. nilimwandikia taarifa rasmi siku hiyo hiyo. Msichana aliyelia tulimrudishia karatasi yake ikiwa imesahihishwa, pamoja na maneno ya kumwomba radhi. Aliipokea bila kunitazama.

Uchambuzi

*Hesabu bila majina.* Hili nalianza kwa sababu ndilo lingeweza kutuletea msiba. Kuhesabu vichwa hujibu swali la wangapi, wakati anayemtafuta mtoto anahitaji kujua nani. Vikundi 5 na 6 vilikuwa na hesabu iliyoridhisha kila kiongozi, na kuridhika huko ndiko kulikotupofusha. Laiti viongozi wangeita majina kutoka kwenye orodha, kiongozi wa kikundi cha 5 angekwama kwenye jina la N. na kulazimika kumwona kwa macho. Kuita majina saba hakuchukui hata nusu dakika. Pia, mtoto aliyehama bila kuandikwa yuko kwenye vikundi viwili vichwani mwa watu na hayuko kwenye chochote kwa kweli. Kuhama si lazima kuwe mwiko, kwani urafiki wa watoto una uzito wake, ila lazima kupite kwa mtu mmoja mwenye kalamu.

Mtu huyo hakuwepo. Uwiano wa mtu mzima mmoja kwa watoto saba unasomeka vizuri kwenye fomu, lakini ulipotokea mkasa niliacha watoto wangu mikononi mwa mzazi aliyekuwa na wake saba. Mkasa wa mtoto mmoja ukadhoofisha ulinzi wa wengine 14. Mratibu mwenye kikundi chake ni mratibu wa kikundi hicho tu.

*Ugeni wa mahali.* Nilipanga kana kwamba mtoto anaingia ukumbini akiwa tayari kusoma. Ukweli ni kwamba mtoto aliye mahali pageni kwanza hupasoma mahali penyewe: dari, ngazi, giza, choo kiko wapi, tutakula saa ngapi. Nir Orion na Avi Hofstein, waliochunguza ziara za jiolojia za wanafunzi na kuchapisha kazi yao mwaka 1994, waligawa ugeni huo sehemu tatu: ugeni wa mada, ugeni wa mahali, na ugeni wa kutojua siku itakwendaje. Maandalizi ya darasani yanaweza kupunguza zote tatu kabla basi halijawashwa. Sisi tuligusa ya kwanza tu. Hatukuwaonyesha watoto ramani, hatukuwaambia ratiba, hatukuwapa picha ya mlango watakaouingia. Vurugu za dakika za kwanza mchana zilitokana na hilo pia: walikuwa wakisikia sheria mpya mahali ambapo hata za zamani hawakuwa wamezizoea.

*Uchovu.* Benjamin Ives Gilman, aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya sanaa mjini Boston, aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho mwaka 1916, akionyesha kwa picha jinsi mgeni anavyolazimika kuinama na kujipinda ili aone na kusoma. Nilikumbuka picha hizo nilipowaona watoto wangu wamepinda shingo, wakinakili vibao vilivyowekwa kwa kimo cha mtu mzima. Tulichukua watoto wenye nguvu za asubuhi na kuzitumia kwenye kazi ya kunakili. Majaribio tukayaachia watoto wa saa saba, waliokwisha kuchoka. Hata sehemu nzuri ya siku yetu iliwekwa saa mbaya.

*Karatasi na haraka ni tatizo moja.* Mwanzoni nilikuwa nikieleza kisa hiki kama makosa mawili, moja la usalama na jingine la ufundishaji. Sasa naona yalitoka kwenye uamuzi mmoja, wa kutaka kumbi zote tano. Kumbi tano zilileta mabadiliko manne ya ukumbi, na kila badiliko ni ushoroba wenye kelele ambamo mtoto anaweza kuhama au kubaki nyuma. Kumbi tano zilileta pia maswali yanayojibika kwa dakika moja, kwa kuwa hakukuwa na dakika ya pili. Kwenye latitudo (umbali kutoka ikweta) ya nyuzi 30, mstari wa penduli hugeuka nyuzi saba na nusu kwa saa. Ndani ya dakika 20 hugeuka nyuzi mbili na nusu tu. Hakuna karatasi inayoweza kuuharakisha. Mwenzangu aliliona hilo mapema, nami nikamjibu kwa maneno ya huruma badala ya hoja.

*Kilichofaa.* Fomu iliyotaja vitu kwa majina yao, na kumshirikisha mtoto mwenye kifaa kwenye uamuzi unaomhusu. Kumpigia mzazi simu mapema. Swali moja la mchana, ambalo hata mtoto asiyependa kusoma aliweza kulibeba kichwani. Kubadilisha mpango katikati ya siku nalo lilifaa, ila kwa gharama: tulivunja ahadi kwa watoto waliotuamini, na wazazi tuliwatupa kwenye kazi ambayo hatukuwafundisha. Sioni kwamba mafanikio ya mchana yanafuta machozi ya yule msichana.

Mwaka uliofuata

Kumbi mbili, Sauti na Nguvu na Mwendo, pamoja na onyesho la umeme. Watu wazima 14 kwa vikundi 12: mmoja asiye na watoto ana orodha na kalamu, na kuhama kokote kunapita kwake, wa pili anabaki nyuma na kutoka wa mwisho kila ukumbi. Majina yanaitwa kila tunapovuka mlango. Wiki moja kabla watoto wanaonyeshwa ramani na picha, na kila wawili wanachagua kituo chao wakiwa bado darasani na kuandika wanachotabiri. Utabiri huo, ukiandikwa tena upya baada ya ziara, ndio ushahidi anaopewa mwalimu mkuu. Wazazi wanaitwa shuleni kwa nusu saa, wanawekewa sinia la maji na vifaa vinavyoelea na kuzama, na kuzoeshwa jambo moja gumu: mtoto akikuuliza, muulize amejaribu nini, kisha nyamaza.

Hilo la mwisho bado halijakaa. Mwaka jana mzazi mmoja aliniambia kwamba kunyamaza mbele ya mtoto anayekosea kulimuumiza kuliko safari nzima ya basi, na alipoona wawili wake wanatega masikio nje ya fokasi ya dishi, alishindwa, akawasogeza kwa mikono yake. Mwaka huu tumemwomba aje kuzungumza na wazazi wapya yeye mwenyewe. Penduli tumeitengea dakika 40.